Jinsi ya kutunga swali la hesabu linalomsogeza mtoto hatua moja mbele

Walimu wenzangu, wengi wetu tukitaka swali gumu tunaongeza tarakimu tu, badala ya 8 mara 3 tunaweka 847 mara 396, mtoto anatoka jasho weee mwisho wa siku ni kuzidisha kulekule. Mi siku hizi nachukua swali wanaloliweza kabisa naligeuza.

Mfano mstatili. Ukiwapa urefu na upana wanakutafutia mzingo na eneo fasta. Sasa vipimo vifiche, waambie hivi: babu ana wavu wa mita 24, anazungushia banda la kuku la mstatili na wavu wote uishe, kila upande uwe mita kamili, aweke vipimo gani kuku wapate nafasi kubwa zaidi? Kanuni mpya hakuna hapo, ila pa kuanzia wanapatafuta wenyewe.

Wapo watakaoandika 8 kwa 3 kwa sababu 8 mara 3 ni 24, yaani wamechanganya mzingo na eneo. Usikimbilie kuweka mkasi. Mwambie achore banda lake ajumlishe pande zote nne, atapata 22 na ataona mwenyewe mita 2 za wavu zimebaki. Wengine watajaza jedwali: 11 kwa 1 eneo 11, 10 kwa 2 eneo 20, halafu 27, 32, 35, mpaka 6 kwa 6 inayotoa 36. Hapo lazima mmoja apige kelele "mwalimu huo ni mraba sio mstatili!" na ukiwaachia wabishane kidogo hujapoteza kipindi.

Kabla hujaingia darasani lifanye kwanza mwenyewe, kwa zile mbinu wanazozijua wao tu. Mi niliwahi kuweka mita 25 bila kufikiria, nusu yake 12.5, darasa zima likakwama kwenye nukta na banda likasahaulika.

Na wale wanaomaliza mapema usiwape swali jingine, badilisha kitu kimoja kwenye hilohilo: banda sasa linaegemea ukuta wa nyumba, kwahiyo wavu unazunguka pande tatu tu. Wataruka na 8 kwa 8, eneo 64, si mraba ndo ulishinda? Waulize tu kama wamejaribu 12 kwa 6.