Mshale unaokutoka kabla hujauachia: namna ya kutibu kiherehere cha shabaha

Unamjua mtu wa namna hii, au ni wewe mwenyewe. Upinde anao mzuri, mkono una nguvu, na akipiga kwenye kichuguu bila kulenga kitu mishale inakaa pamoja. Mwekee gunia lenye alama nyeusi katikati uone. Anavuta nusu, jicho linaiona alama, vidole vinafunguka, mshale umekwenda na mkono haujafika hata kidevuni. Mwingine anaganda: amevuta hadi mwisho, ncha ya mshale imekaa chini ya alama, na hata umbembeleze vipi hawezi kuipandisha iingie katikati. Wa tatu anafika vizuri, analenga vizuri, ila wakati wa kuachia mkono ulioshika upinde unashtuka na mshale unaangukia pembeni.

Yote matatu ni kiherehere kimoja, na kinatibika. Vijana ninaofanya nao mazoezi hapa Liwale wengi wamekipitia, na tiba ninayoieleza hapa ndiyo tunayoitumia. Haihitaji kifaa cha kununua dukani. Inahitaji subira, na kwa mtu aliyezoea kusifiwa kwa shabaha, subira hiyo ni kazi kubwa kuliko kuvuta upinde wenyewe.

Kwanza tuelewane kuhusu chanzo, maana ukikosea chanzo utatibu mguu wakati jino ndilo linalouma. Watu husema ni woga, au mkono dhaifu. Lakini kiherehere huwapata sana wale wanaojali kupata, waliopiga mishale mingi, na hasa walioanza na upinde mzito kuliko uwezo wao. Kila ulipoiona shabaha ukaachia, mwili ulikuwa unajifunza jambo moja: kuona ni kuachia. Ukirudia hivyo muda mrefu, jicho linakuwa ndilo linaloamuru vidole, wewe mwenyewe huulizwi. Anayeganda chini ya alama ni yuleyule, ila mwili wake umeshagundua kwamba ncha ikiingia katikati mshale utatoka, kwa hiyo unaizuia isiingie.

Kwa hiyo kumwambia mtu "tulia" hakusaidii. Kinachosaidia ni kulivua jicho ile kazi ya kuamuru, na kuvipa vidole ishara nyingine ya kusubiri.

Hatua ya 1: Pima upinde wako

Tafuta ile mizani ya ndoano wanayotumia wanunuzi wa mazao kupimia mifuko. Chukua mshale mrefu, uweke kwenye upinde, vuta hadi kona ya mdomo, mwenzako aufunge uzi mshale pale unapopita kwenye mti wa upinde. Huo ndio urefu wako wa kuvuta. Sasa mwenzako ashike upinde, mshale ukiwa bado kwenye ugwe, yaani kamba ya upinde; wewe utie ndoano katikati ya ugwe huo, uvute mizani hadi ule uzi ufike pale pale, kisha asome kilo. Rudisha ugwe polepole, usiuachie. Ugwe ulioachiwa bila mshale wa kuondoka nao huvunja upinde, na vipande vyake vinaweza kukufikia usoni.

Wengi wakipima hushangaa. Anadhani anavuta kilo 15, kumbe ni 23 au 25. Kwa tiba hii tafuta upinde wa kilo 10 hadi 14, wa kuazima au wa kuchonga kwa mti wa mkole. Kipimo cha haraka: ukiweza kuvuta hadi mwisho, ukakaa unahesabu polepole hadi nane, mabega yakiwa hayajaanza kutetemeka, huo unafaa. Ule upinde wako mzito ulegeze ugwe, uuhifadhi kivulini. Usiuchonge ili upungue, utauhitaji baadaye.

Hatua ya 2: Gunia lisilo na alama

Nenda kwa mafundi cherehani uombe vipande vya vitambaa. Vijaze kwenye gunia, uvishindilie kwa miguu hadi gunia likae gumu kama ukuta wa udongo. Gunia legevu hupitisha mshale. Litundike usawa wa kifua, na nyuma yake kuwe na kichuguu kikubwa au tuta la udongo, pasiwe na njia ya kwenda shamba wala mtoni. Simama hatua tatu tu kutoka hapo. Usichore kitu, wala usibandike karatasi.

Hapo utapiga ukiwa umefumba macho. Angalia gunia, weka mshale, hakikisha hakuna mtu wala mbuzi mbele yako, inua upinde, fumba macho, vuta. Ukiwa gizani jicho halina cha kuamuru, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu utasikia mwili wako: bega la upande wa kuvuta limepanda au limeshuka, kiwiko kiko nyuma ya mshale au kimeanguka, vidole vinabana ugwe kupita kiasi. Tafuta kituo kimoja cha mkono na usikibadili. Mimi nasisitiza ncha ya kidole cha juu iguse kona ya mdomo kila mara. Najua wazee wengi wa huku huvuta hadi kifuani na wanapata, na sina ugomvi nao, lakini mtu anayetibu kiherehere anahitaji mahali ambapo mkono utajua umefika.

Kaa hapo wiki tatu au nne. Mishale michache kila siku inatosha, na ukichoka acha. Wengi huiruka hatua hii kwa sababu haina raha ya kupata, na ndio hao wanaorudi kuniuliza mbona hawajapona.

Hatua ya 3: Kuvuta na kushusha

Hii ndiyo roho ya tiba. Kama una muda wa zoezi moja tu, fanya hili.

Bandika alama kwenye gunia, karatasi ya ukubwa wa kiganja. Simama hatua tano. Weka mshale, vuta hadi kituoni, ielekeze ncha katikati ya alama kabisa, iangalie alama, hesabu hadi tatu, kisha shusha upinde bila kuachia. Pumzika, rudia. Siku za kwanza usipige hata mshale mmoja kwenye alama hiyo. Unavuta, unaona, unashusha.

Kwa mwenye kiherehere kikali hili ni gumu kuliko linavyosomeka. Nimewaona vijana wenye mabega mapana wakitokwa na jasho kwa kuitazama karatasi tu. Vidole vinataka kufunguka, pumzi inakatika, ncha inakataa kukaa katikati. Ukiona hivyo, anza na alama iliyo pembeni: elekeza ncha kando ya karatasi, shusha. Mara nyingine isogeze iguse ukingo, shusha. Kisha iingie ndani, shusha. Mshale ukikutoka bila ruhusa, rudi kwenye umbali wa hatua tatu, fumba macho, piga kidogo, uanze upya kesho yake.

Namna ya kushusha nayo ina utaratibu. Usilegeze ghafla. Elekeza mshale ardhini mbele yako, rudisha mkono wa kuvuta taratibu kwa njia ileile uliyoendea, vidole vikiwa vimeshika ugwe hadi umelegea kabisa.

Mwili ukishaona mara nyingi kwamba alama inaweza kuonekana na mshale usitoke, ule mnyororo wa jicho na vidole unaanza kukatika. Utajua umefika pale utakapoweza kukaa na ncha katikati ya alama huku unaongea na mwenzako kuhusu bei ya ufuta.

Hatua ya 4: Vidole vipewe ishara yao

Sasa vidole vinatakiwa kusubiri kitu ambacho si jicho. Ninayoipenda ni nyoya kugusa pua. Chukua nyoya la kuku, kanga wa kufuga au bata mzinga, ulifunge kwenye mshale mahali ambapo ncha yake ya nyuma itagusa pua yako mkono ukiwa umevuta hadi mwisho. Usahihi wake ni muhimu: mkono ukifika kituoni, kati ya nyoya na pua kuwe kumebaki nafasi ya unene wa sarafu hivi. Nafasi hiyo unaimaliza kwa misuli ya mgongo, kwa kubana mabega yakaribiane, polepole. Nyoya likigusa pua, vidole vinalegea.

Kwa nini polepole? Tendo la ghafla, kama kupepesa jicho, likishaanza haliwezi kuzuilika katikati. Tendo la taratibu unaweza kulisimamisha popote. Ukivuta kwa taratibu hadi nyoya liguse, wakati wote huo bado unayo nafasi ya kubadili nia. Mwenye kiherehere hiyo ndiyo nafasi aliyoipoteza.

Wakati unavuta ile nafasi ya mwisho, sema moyoni neno moja, taratibu: vuta... vuta... vuta. Wengine husema kwa sauti, na mimi nawaruhusu. Akili iliyoshikwa na neno haipati muda wa kuhangaika kama mshale utapata au utakosa. Ukijikuta neno limekatika njiani, shusha. Ujue jicho limekwishajaribu kurudi kwenye kiti chake.

Kama mishale yako haina manyoya marefu, funga uzi mnene kwenye ugwe utengeneze kifundo kitakachogusa mdomo. Kazi ni ileile.

Hatua ya 5: Kurudi nyuma

Piga kwa ishara hiyo ukiwa hatua tatu, macho wazi, gunia tupu. Kisha alama kubwa ukiwa hatua tano. Halafu nane, kumi na mbili, kumi na tano. Katika kila umbali, kwa kila mshale unaoachia, shusha mara mbili au tatu. Kiherehere kikionekana, siku hiyohiyo rudi umbali uliotangulia, wala usibishane nacho. Usihesabu mishale iliyopata. Hesabu mishale iliyotoka kwa ishara, hata kama imekwenda nje ya gunia.

Zoezi moja la wawili linafaa sana hapa. Unavuta hadi kituoni, mwenzako aliye nyuma yako anasema "haya" au "shusha", wewe hujui atasema lipi. Mwanzoni mshale utatoka aliposema shusha. Endelea hadi maneno yote mawili yawe sawa kwako.

Hatua ya 6: Kabla ya kufikiria porini

Tunaishi jirani na Pori la Akiba Selous, na wapo wanaojifunza upinde wakiwaza nyama. Niseme wazi: mnyamapori hawindwi bila leseni. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema hivyo, na mshale wenye sumu ni marufuku. Hata nguruwe aliyekula mihogo yako, taarifa huanzia serikali ya kijiji na ofisa wanyamapori. Mtu anayetaka kuwinda kwa halali aende ofisi ya wanyamapori aulize leseni, aina ya mnyama, eneo, na silaha inayoruhusiwa, kabla hajanoa chembe, yaani ncha ya mshale, hata moja.

Ukiwa na kibali mkononi, kiherehere kinakuwa jambo zito zaidi, kwa sababu sasa kinamwumiza mwingine. Mwenye kiherehere akimwona mnyama huona mwili mzima, huachia kwa kuona mwili mzima, na mshale huingia tumboni au pajani. Mnyama anaondoka nao, anakufa baada ya saa nyingi mbali na hapo, na nyama haiokotwi. Hilo haliwezi kuitwa uwindaji.

Kwa hiyo chora umbo la pongo kwenye gunia, amesimama ubavu. Usiweke alama yoyote ndani yake. Jifunze kuchagua mwenyewe sehemu ndogo nyuma ya mguu wa mbele, theluthi moja kutoka chini ya kifua, ambako moyo na mapafu viko karibu. Iangalie sehemu hiyo hadi mwili uliobaki upotee machoni. Kimbia hadi kwenye mkorosho wa mbali na kurudi ili moyo uende mbio, kisha chuchumaa, vuta, ungoje ishara. Piga mmoja tu, halafu upumzike. Porini hakuna mshale wa pili wa kusahihisha.

Kwenye pande nyingine za gunia mchore pongo ameelekea kwako, au amegeuza mgongo, uligeuze gunia mara kwa mara. Hapo jibu liwe kushusha, kila mara, bila kujadili. Na umbali wako wa mwisho uwe ule ambao mishale yote ya siku hiyo imetoka kwa ishara na kuingia kwenye eneo la sahani. Kwa wengi wenye upinde wa kienyeji ni hatua kumi na tano, na kwa baadhi ni kumi tu.

Upinde mzito

Usiurudie kabla ya miezi kadhaa. Ukiurudia, pandisha kilo mbili au tatu kwa wakati kupitia pinde za kati, na kwa kila upinde mpya anza tena na gunia tupu hatua tatu, macho yamefumbwa, angalau kwa siku chache. Kisha kila mazoezi, hata ukiwa umepona miaka, mishale ya kwanza iende kwenye gunia tupu na mvuto wa kwanza kwenye alama uishie kwa kushusha. Siku ya kushindana kwa soda mbele ya watu ndiyo kiherehere hupenda kurudi; siku hiyo shusha mara mbili kabla ya mshale wako wa kwanza, na wanaokusubiri wangoje.