Kuzuia Wi-Fi ya jirani bila kuua mtandao wa simu

Kwa wakala mmoja wa pesa Kariakoo, printa ya risiti ilikuwa inakata kila saa. Inatumia Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz tu, na nyuma ya ukuta wa plaiwudi kuna ruta tatu za majirani. Chaneli 1, 6 na 11, yaani njia za Wi-Fi ndani ya masafa hayo, nilizijaribu, zote zimejaa. Mwenye duka akasema tubandike foili ukuta mzima. Nikamkatalia, maana foili ingezuia na mawimbi ya simu, na simu ndiyo mkate wake.

Nilichomtengenezea ni pazia la fremu ndogo za foili. Fremu ambayo jumla ya pande zake nne inalingana na urefu wa wimbi hulirudisha wimbi hilo lilikotoka, na mengine yaliyo mbali nalo hupita. Wimbi la 2.45 GHz lina sentimita 12.2, kwa hiyo kila upande wa fremu, ukipima katikati ya utepe, ni milimita 30.5.

Chukua karatasi ya manila na tepu ya alumini ya mafundi wa AC. Bandika miraba ya milimita 33, ukiacha milimita 3 kati ya mmoja na mwingine, kisha kwa wembe mpya toa tundu la milimita 28 katikati. Hapa usiharakishe. Wembe ukivuka kona hata kwa unywele, fremu imekatika na haifanyi tena kazi yake. Fremu mbili zikigusana nazo zimeharibika. Mimi hukagua kwa tochi, mstari kwa mstari.

Usiibandike manila moja kwa moja kwenye plaiwudi, kwa kuwa mbao hushusha masafa ambayo fremu huyarudisha. Weka vipande vya povu vya sentimita 3 kati ya manila na plaiwudi. Ruta ya duka nayo ikae angalau sentimita 15 kutoka kwenye pazia.

Anza na kipande cha nusu mita, upime kwa programu ya simu inayoonyesha dBm, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Pale ruta ya jirani ilitoka −52 hadi −63, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya nguvu yake. Ikishuka kidogo tu, punguza kila upande wa fremu kwa milimita moja, ujaribu tena. Simu ya 900 MHz haitatikisika. Ya 2100 MHz itapungua, iko karibu mno na 2.4 GHz, kwa hiyo muulize mteja kwanza laini zake zinashika masafa gani.