Oili ya Difu Usiipeleke Kwenye Giaboksi: Kuchagua Oili ya Gia kwa Gari la Fowili

Gari la fowili (linalosukumwa na magurudumu yote manne) likifika kwangu likilia chini, swali la kwanza ninalouliza ni hili: mara ya mwisho mliweka oili gani, na wapi? Mara nyingi najibiwa, "Tuliweka tisini." Jibu hilo halinisaidii, kwa sababu tisini ni uzito tu, yaani jinsi oili inavyotiririka kwa wepesi au kwa ugumu.

1. Hesabu sehemu zenye oili. Kwa kawaida ni nne: giaboksi, transfa (inayogawa nguvu kwenda mbele na nyuma), difu ya mbele na difu ya nyuma (zile gia za katikati ya ekseli). Fungua kitabu cha gari uone kila moja inataka nini. Transfa ndiyo huwapotosha wengi, maana baadhi hutumia oili ya gia na nyingine hutumia ATF, ile ile ya giaboksi za otomatiki.

2. Soma GL kabla ya kusoma uzito. GL ni daraja la oili ya gia lililoandikwa kwenye kopo, kama GL-4 au GL-5. Difu nyingi zina gia za haipoidi: pinioni (gia ndogo inayoendesha) imekaa pembeni ya mstari wa katikati wa kraunwili (gia kubwa inayoendeshwa), kwa hiyo meno yanasukumana huku yakiteleza, tena kwa mgandamizo mkubwa. Oili ya kawaida hukamuliwa ikatoka pale, chuma kikabaki kinasaga chuma. Ndiyo maana GL-5 ina viungo vya salfa na fosforasi, ambavyo vikipata joto hutengeneza utando juu ya meno.

Giaboksi ya manyuo, ile ya kubadilisha gia kwa mkono, ni habari nyingine. Pete za sinkronaiza, ambazo mara nyingi ni za shaba, lazima zishike kidogo ili zisawazishe mwendo wa gia kabla haijaingia. GL-5 huweza kuzitelezesha, na salfa ya baadhi ya oili hizo huila shaba yenyewe. Giaboksi nyingi za namna hii huandikiwa GL-4. Mimi nililijua hili kwa kuungua: nilijaza GL-5 kote ili nisinunue makopo mawili, na baada ya muda gia ya pili ikawa inakwaruza kila asubuhi. Niliimwaga nikaweka GL-4. Kelele ilipungua, haikuisha.

Kopo lililoandikwa GL-4 na GL-5 kwa pamoja siliweki kwenye giaboksi mpaka mtengenezaji wa gari awe ameikubali oili hiyo.

3. Sasa uzito. Namba yenye W inahusu baridi: 75W hupimwa kwenye nyuzi -40 za Selsiasi, 80W kwenye -26, 85W kwenye -12. Namba ya pili inahusu oili ikiwa moto. Usitishwe na hiyo 90, kwani oili ya gia hupimwa kwa kipimo chake. Ikiwa moto, 90 inakaribiana na oili ya injini ya 40 au 50. Ile 85W-140 inafaa mizigo mizito na joto kali, iwapo kitabu kinairuhusu. Nzito kupita kiasi hukorogwa kwa nguvu, ikazalisha joto lake yenyewe na kula mafuta ya gari.

4. Je, difu ni ya LSD, yaani ile inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure? Kama ina sahani za klachi ndani, inataka oili iliyoandikwa LSD au kiungo maalumu cha kuongezea. Bila hicho, gari hutetemeka na kuguna ukikata kona kali taratibu.

5. Fikiria maji. Difu iliyochemka ikizama ghafla mtoni, hewa ya ndani hunywea na kuvuta maji kupitia breza (tundu la kupumulia la difu) au sili. Refusha mpira wa breza uupandishe juu. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, imwage siku hiyo hiyo, hata kama ni sinthetiki ya bei mbaya na uliiweka jana.

6. Kubadilisha. Fungua nati ya kujazia KWANZA. Ukimwaga kisha nati ya juu ikagoma, umebaki na gari lisilotembea. Oili iwe vuguvugu, gari lisimame sawasawa. Tazama sumaku ya nati ya chini: tope laini la kijivu ni la kawaida, vipande vya chuma si vya kawaida. Jaza hadi oili ianze kuchuruzika kwenye tundu, isipokuwa kitabu kimetaja kipimo kingine. Subiri dakika chache ienee kwenye mirija ya ekseli, ongeza kilichopungua, ndipo ukaze nati.