Mbunge wako anafanya nini huko Dodoma? Namna ya kumfuatilia ukiwa zako Uyole

Wadau habari za baridi. Huku kwetu Mbeya kila ukifika mwaka wa uchaguzi vijiweni ni kelele tu, huyu kafanya kazi, yule hajafanya kitu, na ukimuuliza mtu umejuaje anakwambia si tunaona. Tunaona nini sasa? Tunaona ambulansi ina picha ya mheshimiwa mlangoni, tunaona jezi za bonanza, basi. Na mimi nilikuwa hivohivo mpaka siku nilipoumbuka. Nilikuwa pale Uyole kwenye viazi nikaropoka kwa sauti kwamba mbunge wetu hajawahi hata kutamka neno lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, bungeni, mama mmoja muuza viazi akachomoa simu akanisomea Hansadi, yaani kumbukumbu rasmi za yanayosemwa bungeni, neno kwa neno mbele za watu. Kumbe mimi nilikuwa nimefungua Bunge la miaka mingine kabisa, yaani nilikuwa namtafuta mtu kabla hajawa mbunge. Nilinunua sado nzima ya viazi kwa aibu.

Kwa hiyo anzia hapo nilipokosea mimi. Ingia tovuti ya Bunge, tafuta ukurasa wa mbunge wako, pale kuna wasifu wake, alisoma wapi, alifanya kazi gani kabla, na michango yake. Ila usiishie kwenye huo ukurasa, fungua Hansadi zenyewe, zimepangwa kwa mkutano na kikao. Hakikisha kwanza uko kwenye Bunge sahihi: la 12 ni lile la 2020 mpaka 2025, la 13 limeanza Novemba 2025. Faili zingine ni kubwa, bando linaumia, mi huwa nadaunlodi usiku nikiwa na bando la usiku halafu asubuhi nasoma taratibu na chai.

Halafu na majimbo nayo yanahama. Uyole ilikuwa ndani ya Mbeya Mjini mpaka 2025 ilipokatwa ikawa jimbo lake. Dkt. Tulia Ackson alichaguliwa 2020 Mbeya Mjini, 2025 akagombea Uyole, kwa hiyo ukiandika Uyole tu kwenye Hansadi za zamani hupati jimbo hilo. Tafuta kwa jina la mtu, kisha tafuta tena kwa jina la sehemu. Usiandike "barabara", utaletewa kurasa mia nne za nchi nzima, andika Igawilo, andika Iyunga, andika jina la kijiji chenu hata kama unaona ni kadogo, maana mbunge akikitaja kijiji kinaandikwa.

Sasa utamu uko kwenye maswali. Swali la msingi linaanza karibu kila mara na "Je, ni lini Serikali itajenga" au "Je, Serikali ina mpango gani", Waziri au Naibu wake anajibu, halafu mbunge anasimama na maswali mawili ya nyongeza. Wengi wanahesabu maswali tu wanatulia, oh wa kwetu kauliza arobaini. Soma majibu bwana! Jibu likisema Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo na itajengwa kadiri fedha zitakavyopatikana, jua hapo hamjapata kitu, mmepata pole. Jibu lenye kitu lina kilomita, lina kiasi cha fedha, lina mwaka wa fedha. Likiwa na hivyo vitatu liandike kwenye daftari, halafu subiri Bunge la bajeti, linaanza Aprili mpaka Juni, uangalie kama ile hela imo kwenye hotuba ya wizara. Kama haimo, angalia kama mbunge wako alisimama tena kuuliza imekwenda wapi. Hapo ndo unamjua mbunge. Kuuliza mara moja hata mimi naweza, kurudi na jibu la mwaka jana mkononi ukamkumbusha Waziri ndo kazi.

Lakini kuna watu hutawapata kwenye maswali na wala si wavivu. Waziri haulizi, anajibu. Spika naye anaongoza kikao, kwa hiyo ukimpima Dkt. Tulia kwa idadi ya maswali kipindi alipokuwa Spika, Februari 2022 mpaka 2025, utakuwa unamwonea bure, mpime kwa mengine. Na kuna kazi ya kamati ambayo watu hawaiangalii kabisa. Chukua Dkt. Harrison Mwakyembe wa Kyela, aliingia bungeni 2005, kitu kilichomfanya ajulikane nchi nzima hata si swali, ni kuongoza kamati teule ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa dharura wa kampuni ya Richmond, ripoti ikasomwa Februari 2008 na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu. Kwa hiyo angalia pia mbunge wako yuko kamati gani. Kama jimbo lenu ni la wakulima na yeye hajagusa jambo la kilimo popote, si kwenye kamati, si kwenye mchango, muulize.

Kingine kinachotuchanganya ni zawadi. Mbunge akileta saruji shuleni watu wanapiga vigelegele, sawa, ila uliza kwa upole: mheshimiwa, hii imetoka mfukoni kwako au kwenye Mfuko wa Jimbo? Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo upo kwa sheria ya 2009, ni hela ya serikali, mbunge ni mwenyekiti wa kamati yake tu. Hela inapitia halmashauri, kwa hiyo ukienda ofisi ya mipango ya halmashauri unaweza kuuliza mwaka huu zimekwenda kata zipi. Nenda na barua, usiende kwa hasira, ukienda kwa hasira utaambiwa mhusika yuko semina.

Na tusimlaumu mtu kwa kisicho chake. Barabara kuu ile ya malori ya Tunduma ni TANROADS, ile ya mtaani yenye matope ni TARURA tangu 2017, maji ya kijijini ni RUWASA, wote hao ni wakala wa Serikali. Mbunge hana greda. Kazi yake ni kuwabana wenye greda na kupitisha bajeti yao. Kwenye kikao cha Baraza la Madiwani naye ni mjumbe, na kikao kile wananchi mnaruhusiwa kukaa kusikiliza, japo mabenchi huwa matupu kabisa, nilienda mara moja tukawa raia wanne na mmoja alikuwa amekimbia mvua. Kaa ujionee kama mbunge kaja au katuma salamu. Ukiweza pitia na ripoti ya CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa hesabu za Serikali, sehemu ya halmashauri yenu, uone hoja gani zinajirudia kila mwaka na yeye kakaa kimya.

Mwisho kabisa, mpelekee swali wewe. Ofisi ya mbunge jimboni ina katibu, mwandikie. Usiandike "barabara yetu mbaya tusaidie", andika kama linavyoulizwa bungeni: Je, ni lini Serikali itamaliza kipande cha kutoka wapi hadi wapi, kilomita ngapi, kilichoahidiwa mwaka fulani kwa jibu la Waziri la tarehe fulani. Weka na picha, weka na namba za simu za mwenyekiti wa mtaa. Peleka mapema, Januari hivi, usisubiri Mei bajeti ishaiva. Mimi la lumbesa nimeshapeleka, katibu kaligonga muhuri, nakala ninayo, na yule mama wa viazi nimempa kopi yake aihifadhi maana nikikosea tena najua atanisomea.