Kutafuta shoti kwenye nyaya za Land Rover ya zamani

Mwenye Land Rover ya Series II au Series III hapa Dodoma anajua kwamba injini yake itatengenezeka hata kijijini, lakini nyaya zikianza kupiga shoti hushauriwa mara nyingi azing'oe zote na kuweka mpya. Kwa kawaida hakuna haja hiyo. Shoti ni mahali ambapo shaba ya waya wenye umeme imegusa bodi au chesisi, umeme ukapata njia ya mkato ya kurudi kwenye betri bila kupitia taa wala mota, na fyuzi ikaungua. Mahali hapo panaweza kupatikana kwa balbu moja, vipande viwili vya waya na saa chache za uvumilivu.

Kabla ya yote, usiweke fyuzi kubwa zaidi, wala usiiviringishie karatasi inayong'aa ya pakiti ya sigara ili gari lifike nyumbani. Niliwahi kufungua dashibodi ya gari lililofanyiwa hivyo, nikakuta nyaya saba zimeyeyuka na kugandamana kuwa fimbo moja nyeusi, na rangi zake hazikutambulika tena. Shoti iliyokuwa imeharibu sentimita moja ya waya ilikuwa imegharimu nyaya zote za mbele. Zingatia pia kwamba fyuzi za kioo za Lucas, kampuni ya Uingereza iliyotengeneza vifaa vya umeme vya magari haya, zilizoandikwa 35 huungua umeme ukifika ampea 35, lakini zimekusudiwa kubeba takriban ampea 17 tu kwa mfululizo. Fyuzi za kisasa za dukani huandikwa kiwango cha kubeba, kwa hiyo ukinunua ya 35 utakuwa umeweka kubwa mno. Ya 15 inafaa zaidi.

Rangi za nyaya ndizo ramani yako. Katika mpangilio wa Lucas, waya wa kahawia una umeme wa betri wakati wote. Mweupe hupata umeme ufunguo ukiwashwa. Wa kijani ni ule wa ufunguo uliokwisha kupita kwenye fyuzi, na kwa kawaida huhudumia taa za breki, indiketa na geji. Wa zambarau una umeme wakati wote lakini kupitia fyuzi. Mweusi hurudi kwenye bodi. Gari lililopita mikononi mwa mafundi watano litakuwa na nyaya za rangi yoyote iliyopatikana siku hiyo, na hizo ndizo za kutiliwa shaka kwanza.

Vua saa na pete, kisha fungua terminali ya betri iliyofungwa kwenye bodi kabla ya ile nyingine, ili spana ikigusa chuma isitoe cheche. Usidhani kwamba terminali hiyo ni hasi, kwa kuwa Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zilitoka kiwandani chanya ikiwa kwenye bodi. Sasa tumia macho na pua. Nusa nyuma ya dashibodi, pitisha vidole kwenye tepu uone kama kuna mahali imekakamaa, na angalia kila tundu ambalo waya unapenya kwenye bati, kwani mpira wa tundu hupasuka kwa jua letu na kudondoka, kisha ukingo wa bati hubaki ukikata waya kidogo kidogo. Tazama pia kama kuna kinyesi cha panya, hasa gari likiwa limelala karibu na ghala la mtama.

Usipoona kitu, chukua balbu ya taa ya breki ya volti 12 na wati 21, iunganishe waya mmoja kila upande, na ishikize mahali pa fyuzi iliyoungua. Zima kila kitu, chomoa balbu na vifaa vyote vinavyotumia fyuzi hiyo, kisha rudisha terminali ya betri na uwashe ufunguo bila kuwasha injini. Usiruke hatua ya kuchomoa, kwa sababu taa mbili za breki zilizobaki mahali pake zitaiwasha balbu yako breki ikikanyagwa, kiasi cha kukudanganya. Ikiwaka kwa nguvu zake zote, shoti ipo, na balbu inazuia umeme mwingi usipite, kwa hiyo una muda wa kutafuta. Achanisha viungio vya nyaya kimoja kimoja kuanzia karibu na fyuzi kuelekea nyuma ya gari. Kiungio kitakachoizima balbu ndicho kinachokuonyesha upande wenye kosa.

Shoti inayokuja na kupotea ndiyo ngumu. Gari langu la Series III liliunguza fyuzi kwenye barabara za vumbi zenye mawimbi upande wa Mpwapwa tu, na mjini halikusumbua kamwe. Niliweka balbu, nikalala chini ya gari na kutikisa nyaya shubiri kwa shubiri, mtu mwingine akikanyaga breki na kutazama balbu. Balbu ilimeta nilipofika nyuma, pale waya wa taa za breki unapoingia kwenye chesisi: palikuwa na doa la kijani la shaba iliyooza, dogo kuliko punje ya uwele. Kama una soketi ya tela, ifungue mapema, maana hujaa tope kuanzia Desemba.

Ukipata mahali pa shoti, kata sehemu iliyooza hadi shaba ing'ae, unga waya wa unene uleule kwa risasi, funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto, na weka mpira mpya wa tundu. Kiungo cha kusokota na kufunga plasta hakitavumilia mtikisiko wa wiki moja.

Nyaya za kahawia na nyeupe kwa kawaida hazipiti kwenye fyuzi, kwa hiyo zikipiga shoti huungua zenyewe. Kwa zile za kahawia, weka balbu ileile kati ya terminali ya betri na kebo uliyoichomoa kutoka kwenye terminali hiyo, ufunguo ukiwa umezimwa. Ikiwaka, achanisha kwanza alteneta, kisha swichi ya ufunguo, na usiifunge kebo hiyo moja kwa moja hadi balbu izimike.