SOMO: Ndege hupimaje kasi yake ikiwa angani

Kila wiki naulizwa hili, kwa hiyo naliandika mara moja. Mfano ni Cessna 172, ndege niliyojifunzia.

1. Chini ya bawa la kushoto kuna mrija wa Pitot, mdomo umetazama mbele, unapokea kanieneo (msukumo) ya hewa inayougonga ndege ikienda. Mfaransa Henri Pitot aliubuni mwaka 1732 kupimia mkondo wa mto Seine.

2. Ubavuni kushoto, karibu na pua, kuna kitundu kinachopokea kanieneo ya hewa iliyotulia.

3. Kipima kasi hulinganisha hizo kanieneo mbili. Tofauti ndiyo inayosogeza sindano.

4. Kabla ya kuruka, CHUNGULIA MDOMO WA MRIJA. Ndege yetu ililala siku mbili, mrija bila kifuniko. Nikaona hakuna cha kuvua, nikapita. Tukaanza kukimbia, injini inanguruma, sindano imelala kwenye sifuri. Mwalimu akakata moto, akashika breki. Mle ndani nyigu alikuwa amejaza udongo, umekauka kama tofali. Msipulize mrija kwa mdomo, mtaua kipima kasi. Msichokoe kwa waya, mwiteni fundi. Na kama hita ya mrija (ya kuzuia barafu) imewashwa, msiushike, unaunguza. Februari 1996 Boeing 757 ilianguka baharini karibu na Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika, wakafa watu 189. Wachunguzi walishuku nyigu.

5. Juu hewa ni nyepesi, sindano inasoma pungufu. Ongeza kama asilimia 2 kwa kila futi 1,000: noti 100 (maili za baharini kwa saa) kwenye futi 10,000 ni karibu 120. Kasi ya ardhini ni hiyo, jumlisha upepo wa nyuma au toa upepo wa mbele.

MASWALI

– Si mtumie GPS tu?
– GPS inakupa kasi ya ardhini. Bawa linabebwa na hewa. Rudia namba 5.

– Mkuu, mrija ukiziba tukiwa juu, sindano inafanyaje?
– Swali zuri sana, ndugu yangu. Ukiziba mdomo peke yake, hewa hutokea kwenye tundu la kutolea maji, sindano inarudi sifuri. Likiziba na tundu hilo, kanieneo inafungwa ndani: ukipanda, kasi "inaongezeka", ukishuka "inapungua". Rubani anadhani anakimbia mno, anainua pua, na mabawa yanaacha kubeba.

– Sasa mrija unazibwa na nini?
– Umesoma namba 4?

– Nyongeza: tukiosha ndege tunaziba kile kitundu cha ubavuni kwa utepe.
– Sawa, ila uwe wa rangi kali. Oktoba 1996 ndege ya shirika la Aeroperú iliruka na utepe uliosahauliwa, wakafa watu 70. Sisi tunatumia wa rangi ya chungwa, na aliyeubandika ndiye anayeubandua, mwingine akishuhudia.