Namna ya Kuusoma Mto Ruvu kwa Mkazi wa Dar es Salaam

Mto Ruvu haupiti ndani ya Jiji la Dar es Salaam, na kwa sababu hiyo wengi wanaoutegemea hawajawahi kuuona. Mito wanayoizoea ni Msimbazi, Kizinga na Mzinga, ilhali sehemu kubwa ya maji yao ya bomba hutoka Ruvu. Anayetaka kuelewa kwa nini mgawo wa maji huja hana budi kuufuata mto huu kuanzia milimani.

Tafuta kwanza ramani inayoonyesha miinuko, kisha uitazame Milima ya Uluguru, kusini mwa mji wa Morogoro, ambako vilele vya juu kabisa hupita mita 2,600. Angalia hasa miteremko ya mashariki. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hukutana na milima hiyo, hulazimika kupanda, hupoa na kuangusha mvua nyingi kuliko inayonyesha upande wa magharibi. Msitu ulioko huko huyapokea maji hayo na kuyaachia polepole, hivyo vijito huendelea kutiririka hata mvua inapokuwa imekatika. Msitu ukifyekwa, maji hayo hayo hushuka kwa kishindo yakiwa na udongo, na kiangazi hukuta vijito vimenywea.

Baada ya hapo, fuata mikono ya mto. Mgeta huteremka kutoka Uluguru na kujiunga na Ruvu. Ngerengere, ambao maji yake hukusanywa kwanza katika Bwawa la Mindu, hupita Morogoro mjini kabla ya kuungana na mto mkubwa. Kwa hiyo taka zinazotupwa katika mitaro ya Morogoro ni jambo linalomhusu moja kwa moja mtu wa Kinondoni au Ubungo.

Shuka sasa hadi Mlandizi, mkoani Pwani, ulipo mtambo wa Ruvu Juu uliojengwa mwaka 1959. Mbele zaidi, katika Wilaya ya Bagamoyo, upo mtambo wa Ruvu Chini, na baada ya hapo mto huingia baharini kaskazini mwa mji wa Bagamoyo, kwenye mikoko. Ukifika hapa, zingatia jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha somo zima: kwa miaka yote hiyo mitambo imekuwa ikichota maji yanayopita, pasipo bwawa kubwa juu yake la kuhifadhi maji ya masika. Ndiyo maana mvua zilipopungua mwaka 2022, kina cha Ruvu kilishuka na jiji likaingia kwenye mgawo mwezi Oktoba. Bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, linajengwa ili kuziba pengo hilo.

Ukitaka kuuona mto kwa macho, chagua daraja moja na ulitembelee mara mbili: mwishoni mwa kiangazi, kabla ya vuli, na tena katikati ya masika. Piga picha ukiwa umesimama mahali pale pale, kisha ulinganishe upana, kina na rangi ya maji. Rangi nyekundu nzito ni dalili ya udongo uliotoka mashambani. Usishuke ukingoni, kwa kuwa Ruvu una mamba na viboko. Wala usiikadirie hali ya mto kwa mvua inayonyesha Dar es Salaam, kwani jiji linaweza kufurika huku Uluguru ikiwa kavu.

Ukikuta kilimo au ujenzi ukingoni, kumbuka kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto. Andika jina la kijiji na mahali ulipoona shughuli hiyo, kisha utoe taarifa kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ambayo pia ndiyo inayotoa vibali vya kutumia maji ya mto huu.